Kivuli Kando ya Uti wa Mgongo

Tarehe 6 Februari

Shikamoo dada,

Yale mafua uliyoniandikia yameisha, au bado unayalea kama mtoto wa kufikia? Kifua usikifanyie mzaha. Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kusimama. Barua hii anayo dereva wa lori la mbao. Nimemwambia akiifungua nitajua. Kacheka, kasema yeye kusoma kwake ni vibao vya barabarani tu.

Kazi ya kufagia nimeacha. Sasa niko chumba cha eksirei, hapahapa hospitali. Usifikiri nimekuwa msomi. Injinia wa mashine za chumba hicho alinitazama nikipiga deki, akasema, "Wewe mkono wako hautetemeki na mdomo wako haufunguki. Njoo huku." Ni mama mfupi, mkali, miwani yake kaifunga uzi.

Nikueleze tunachofanya, manake hata mimi mwanzo nilidhani ni uganga. Picha ya eksirei ya kawaida ni kivuli. Mfupa umelalia mfupa, huwezi kujua upi uko mbele na upi nyuma. Wenye uwezo wana mashine inayomzunguka mgonjwa pande zote, inapiga picha chungu nzima, inatoa umbo lake lote. Sisi hatuna. Tuna mashine kuukuu imesimama ukutani kama mlinzi, na ikichemka inagoma. Basi Injinia akasema, kama mashine haizunguki, atazunguka mgonjwa. Anakaa kwenye stuli, mimi naizungusha kwa mkono, polepole, mpaka sindano ya stuli, kama ya saa, ikutane na alama kwenye sahani ya chuma chini. Mgonjwa anabana pumzi, picha inapigwa. Halafu alama inayofuata. Picha zenyewe chache, maana ile miale ikizidi ni sumu. Kompyuta inaziunganisha, na kule ambako hakuna picha inakisia. Mwisho unaona kifua cha mtu kwenye kioo, unakigeuza kama chungwa mkononi.

Nikamuuliza Injinia inakisiaje. Akasema, "Ukimwona mtu kwa mbele na kwa ubavuni, kisogo chake si utaweza kukichora? Lakini uniambie kweli ulisimama wapi. Ukinidanganya uliposimama, nitachora kisogo cha mtu ambaye hayupo." Ndiyo maana kabla ya kila picha, yeye yuko nyuma ya ukuta wake na kompyuta yake, anapiga kelele, "Alama?" Mimi najibu, "Ipo," nakimbilia nyuma ya ubao wa kinga. Haji kuhakikisha. Neno langu ndilo linaloingia kwenye kompyuta.

Wananiita Bwana Stuli. Sikasiriki. Kuitwa mtoto wa mlevi kulikuwa kubaya zaidi.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yalinichoka yakaondoka yenyewe. Wateja wa kusuka wapo, vidole ndiyo vinalalamika. Niliposoma hiyo Bwana Stuli nilicheka nikamvuta mteja nywele, akapiga yowe kama kaona nyoka. Chakula unakula? Hujaandika kama unakula.

Sasa tulia usome. Msimamizi wa kiwanda cha mbao mgongo umemshika. Mkewe alikuwa hapa barazani nikimsuka, anasema mumewe anatembea kama msumari uliopinda, na wameandikiwa waje huko kwenu, kwenye hiyo picha ya kuzunguka. Naona atakalia stuli yako.

Najua damu imeshakuchemka. Na mimi imenichemka. Ni mimi niliyelifua lile shati la Baba, limejaa damu na linanuka pombe, na Baba wetu pombe hata kwa kidole hajawahi kuionja. Msumeno umechukua mkono wa mtu, yule bwana kasimama mbele ya wakubwa, uso mkavu, kasema Baba alikuja kazini amelewa. Kiwanda kikanawa mikono. Kidonda kikamla Baba mpaka kikammaliza. Na aliyekuwa anioe, mama yake akasema hawachukui mke kwenye nyumba ya walevi. Kwa hiyo usinikumbushe. Hayo nalala nayo.

Ila nakuomba. Usimguse, usimwambie neno. Mara ya kwanza hii mtu kukuamini na kitu. Mpige picha yake aende, Mungu anajua pa kumpata.

Dada yako.


Tarehe 12 Machi

Shikamoo dada,

Vidole vyako vinaendeleaje? Vitie mafuta ya moto. Mimi nakula, usihofu. Mwili mzima ila usingizi sina.

Alikuja.

Hakunijua. Aliniacha mdogo, na hata wakati ule alikuwa hatuangalii usoni. Amenenepa, shingo imeingia mabegani. Kavua shati, kakaa. Nikasema, "Samahani mzee, nyoosha mgongo." Akasema, "Ningeweza kuunyoosha ningekuja huku kutafuta nini, kijana? Na usinizungushe kama feni. Kizunguzungu nakiogopa kuliko mke wangu."

Injinia alicheka kule nyuma. Watu wanampenda haraka, umeona? Ndivyo alivyo.

Alama ya kwanza nikaweka sawa. "Alama?" "Ipo." Ya pili sawa. Mashine ikachemka, tukaingoja ipoe. Na yeye kimya hakiwezi. Akaniuliza, "Kazi hii haina hatari?" Nikasema, "Haina sana." Akasema, "Kazi zote ni akili, kijana. Kiwandani kwangu alikuwepo mlevi mmoja, kaja asubuhi amelewa chakari, kaupa msumeno mkono, nadhani alitaka kuusalimia. Ukamwitikia!" Akacheka mwenyewe, mgongo ukamuuma, akashika kiuno huku bado anacheka.

Dada, mimi nilikuwa nimeshika stuli. Kichwa chake kiko hapa, chini ya kidevu changu. Ana kovu dogo nyuma ya sikio. Nililiangalia lile kovu sana.

Mashine ikapoa. Nikazungusha. Sindano ikafika kwenye alama, ikapita. Niliiona ikipita. Mkono wangu haukutetemeka, kama Injinia alivyosema. "Alama?" Nikajibu, "Ipo." Na iliyofuata nikaifanya hivyohivyo. Na zilizobaki.

Akavaa shati, akanipa mkono wa kwaheri. Nikaupokea. Ule wa kulia, kama uliokatwa wa Baba.

Sijui itatoka picha gani. Labda itatoka ukungu tu, arudishwe, asumbuke na safari na mgongo wake. Hata hivyo natosheka kidogo. Uliniomba na nimekuvunjia, basi nigombeze.

Mdogo wako.


Tarehe 3 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima wa afya. Usingizi uliosema huna, na mimi sina, tumerithiana. Soma ukiwa peke yako.

Picha haikutoka ukungu. Ilitoka na uvimbe. Mkubwa, kando ya uti wa mgongo. Mkewe kaja na nywele zimefumuka nusu, analia, anasema madaktari wamemwonyesha mumewe kwenye kioo, wamemgeuzia hivi na hivi, donge limekaa pale kama yai kwenye kiota. Mimi nikaendelea kutafuta kitana. Nilijua ni mkono wako.

Baadaye akaja mwenyewe. Alisimama kwenye ngazi ya baraza, kofia mkononi. Nikamwacha asimame.

"Mwanangu," akasema.

"Mimi si mwanao. Baba yangu unamjua."

Akakaa chini kwenye ngazi, mtu mzima na suruali yake ya pasi. Akasema amekuja kuomba msamaha kabla hajaondoka. Nikamuuliza anahamia wapi. Akasema, "Ninakokwenda hakurudiwi." Basi akafungua mdomo. Kinga ya msumeno aliitoa yeye, kwa mkono wake, ili magogo yapite haraka amfurahishe tajiri. Baba alimwambia irudishwe, akamwita mwoga. Mkono ulipokatika, akakimbilia mezani kwake kuchukua chupa yake mwenyewe. Akammwagia Baba shatini, pale chini alipolala. Nikamuuliza, "Alikuwa amezimia?" Akasema, "Hapana. Alikuwa ananitazama."

Nimelirudia hilo mara ngapi sijui. Alikuwa anamtazama.

Nilikuambia mwachie Mungu. Barua ile ichane. Sikugombezi, wala usimwambie mtu yeyote hapo hospitali. Sijamalizana naye. Yeye kaninong'oneza mimi barazani, lakini Baba alitukanwa mbele ya watu.

Dada yako.


Tarehe 10 Aprili

Shikamoo dada,

Natumaini hujambo. Nimeandika haraka, dereva ananipigia honi nje.

Niliposoma habari ya chupa nilitoka nje nikakaa nyuma ya chumba cha jenereta. Sikulia. Nilitaka kupiga kitu, nikapiga ukuta, sasa kidole kimevimba.

Lakini sikiliza. Wanataka kumpasua. Daktari wa upasuaji alikuja kwetu kuitazama picha tena, nikiwa nafuta stuli. Akawa anaigeuza, anamwambia Injinia, "Limekaa pabaya. Nikiteleza, miguu hatainyanyua tena." Mwisho wa mwezi huu ndiyo siku yake. Injinia akamwambia picha zetu ni chache, huenda kompyuta imekosea. Daktari akamuuliza, "Stuli ilikaa sawa?" Injinia akajibu, "Huyu kijana hajawahi kukosea."

Mimi nipo pale na kitambaa mkononi.

Hakuna uvimbe, dada. Ule ni mfupa wake mwenyewe wa ubavu, kompyuta imeuweka pasipo pake kwa sababu niliidanganya alipokuwa ameelekea. Wanakwenda kumpasua mtu watafute kivuli. Mimi nilitaka aogope tu. Sivyo, nadanganya. Siku ile nilitaka lolote limpate. Lakini siku ile hilo lolote halikuwa na kisu.

Nikisema nafukuzwa, labda nafungwa. Wewe uko naye karibu. Mwambie asije. Mwambie umeota, mwambie chochote, wazee wanaogopa ndoto. Au niambie, "Sema," nitasema. Nijibu na lori hilihili.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Mei

Shikamoo dada,

Huko mzima? Naandika bila kujua kama utasoma. Lori lilikuja bila barua, likaja tena bila barua. Nikamuuliza dereva ulisema nini ulipopata yangu. Akasema, "Kaipokea, kaisoma, kaikunja, kaendelea kusuka. Dada yako yule, ningekuwa na deni lake nisingelala." Nikajua jibu lako ni nini.

Yeye akaletwa wodini na begi lake. Nilimwona kwenye korido, amekonda, ile shingo imerudi nje. Nilisubiri nimwonee huruma, haikuja. Nataka ujue hivyo. Mpaka natamka maneno kwa Injinia nilikuwa bado namchukia.

Nilimkuta anafuta miwani. Nikasema, "Yule mzee wa uvimbe, alama hazikuwepo. Nilipitisha makusudi." Nilidhani atanipiga kofi. Aliivaa miwani taratibu, akaniuliza, "Na wengine wangapi?"

Sikuelewa. Nikasema, "Wengine gani?"

"Hao wote uliowazungusha. Wale niliowaambia wana ugonjwa, na wale niliowaambia nendeni nyumbani hamna kitu. Wangapi?"

"Hakuna mwingine, mama. Naapa."

"Nitajuaje?" akasema. "Nilikuwa nakuuliza wewe."

Dada, hapo ndipo nilipoumia. Kulikuwa na mama mmoja mjamzito aliyekuja kwa ajili ya mapafu, na mtoto wa shule, na wengine wengi. Wote wataitwa tena. Wote watachomwa tena na ile miale kwa sababu neno langu halina kazi. Kwa ajili ya Baba nilichukua mtu mmoja, kumbe nimechukua foleni nzima.

Injinia alimzungusha yule bwana mwenyewe, kwa mikono yake, mimi nimesimama mlangoni. Kompyuta ikamaliza. Hakuna donge. Safi kama sahani iliyooshwa. Injinia akamwomba radhi, akamwambia ile picha ya kwanza ilikosewa, ana misuli ya mgongo iliyochoka tu, atapewa dawa ya kuchua.

Akauliza, "Kwa hiyo sifi?"

"Kwa hili hufi, mzee. Una miaka yako mingi tu."

Nilitegemea aruke kwa furaha. Alikaa palepale kwenye stuli, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mbona hamkuniambia mapema?" akasema. "Mbona hamkuniambia mapema?" Akalia kama mtu aliyefiwa. Halafu akanitazama, akauliza, "Huyu kijana ni nani?" Unanijua mimi mbele ya watu sauti hunikauka. Siku hiyo haikukauka. Nikasema, "Mimi mtoto wa yule aliyekuwa anakutazama."

Injinia akanionyesha mlango.

Sijafungwa. Daktari alitaka, Injinia akasema yeye ndiye aliyeacha kila kitu kikae mdomoni mwangu, hivyo wote wawili tuna la kujibu. Nimefukuzwa. Sasa naosha magari karibu na soko, wanasema naosha vizuri. Kilichomliza yule mtu mpaka leo sijakielewa. Kama umenikasirikia, niambie hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako.


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekukasirikia, ndiyo. Sasa umepata mstari wako, endelea kusoma.

Barua yako ya kisu ilinifika, na nilitaka akatwe. Sitakudanganya wewe uliyesema kweli. Aliporudi barazani kuniuliza kama nimemsamehe, nilikuwa nayo hapa ndani ya kanga, imekunjwa, inasema mtu huyu mzima. Nikamwambia, "Msamaha wa barazani ni wa baraza. Kawaambie wale uliowaambia kwanza."

Akasema hawezi, jina lake litaharibika, ana wajukuu. Nikamwambia, "Wewe unakwenda zako. Jina litakusaidia nini huko?" Akafikiri. Anayekufa hana aibu, mdogo wangu, aibu ni ya wanaobaki. Akakubali.

Kule kiwandani walizima misumeno yote. Alipanda juu ya magogo, akashikwa mkono ili asianguke, na mimi nimesimama mbele kabisa, na wake za wafanyakazi wote wapo, wengine nywele nusu nusu, nimewaacha hivyohivyo. Akasema kinga. Akasema chupa. Akasema yule mtu hakuwa mlevi, na kwamba alikuwa anamtazama. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Baba akavua kofia. Halafu bwana yule akateremka, akapanda gari kwenda hospitali, uso umempoa. Nadhani alijiona mtu mwema. Nilimpungia mkono. Nikarudi nikachoma barua yako kwenye jiko nisije nikabadili nia.

Sasa unajua kwa nini alilia.

Lori lilipoleta habari kwamba umesema, nilikuchukia siku nzima. Nikasema huyu mtoto kanipokonya. Kisha akarudi. Anatembea wima, dawa ya kuchua imemfaa. Na nikaanza kuona.

Kiwanda hakikumfukuza, kipo pale, na yeye yupo pale. Ila akipita, wanazima misumeno. Hakuna aliyewatuma. Wanazima, wanakunja mikono, wanangoja apite, ndipo wanawasha. Kutoka getini mpaka mezani kwake anasikia viatu vyake tu. Dukani akiingia watu wanakumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Mkewe haji tena kusuka, amefunga kitambaa. Na yule mama aliyesema hawachukui mke nyumba ya walevi kanisalimia juzi kwa meno yote, nikamwuliza mwanawe hajambo na mke wake.

Habari ya wagonjwa wenzake imenikaa vibaya. Hao hawakutukosea. Ukimwona Injinia tena mwambie dada yako ndiye aliyekaa na barua, asikubebeshe wewe peke yako. Na uje. Hapa hakuna anayekuita mtoto wa mlevi. Bado nina neno na wewe kwa kusema bila ruhusa yangu, ila nitalisema ukiwa unakula.

Jana yule bwana alikuja, usiku haujaingia. Hakukaa kwenye ngazi. Akaniomba, kwa sauti ya chini, niwaambie watu kwamba siku ile juu ya magogo alikuwa hajielewi, ugonjwa ulikuwa umempanda kichwani.

Nikamwambia, "Ugonjwa gani, mzee? Si tumeambiwa picha imetoka safi?"

Nikaweka kitana chini, nikasimama, nikainua mikono nikamwombea kwa sauti, majirani wasikie: Mungu ampe uhai mrefu, ampe nguvu za miguu, asimwondoe mapema katikati yetu.

Hakuitikia amina.

Dada yako.